Kwa Nini Bismillahi Ina Namba Katika Alhamdu Peke Yake: Mianzo ya Sura na Hesabu ya Aya

Mtu akifungua msahafu wa chapa ya Madina, ambao umeenea sana misikitini na vyuoni kwetu, ataona katika ukurasa wa kwanza kwamba Bismillahi ya sura ya Alhamdu imefungwa kwa duara lenye namba 1. Akitazama ukurasa wa pili, mwanzo wa Al-Baqara, Bismillahi ni ile ile herufi kwa herufi, lakini imeandikwa peke yake juu ya sura, haina duara wala namba, na namba 1 imepewa Alif Lam Mim. Hali ni hiyo kwa sura zote zinazofuata, isipokuwa sura ya 9, At-Tawba, ambayo haina Bismillahi kabisa. Na katika sura ya 27, An-Naml, ataikuta mara mbili: juu ya sura bila namba kama kawaida, na tena ndani ya aya ya 30, katika barua ya Nabii Suleiman kwa malkia wa Sabaa. Kwa hiyo maneno hayo hayo manne ya Kiarabu huwa aya kamili mahali pamoja, kipande cha aya mahali pengine, na mahali 112 huwa ni mwanzo ulioandikwa lakini haukuhesabiwa.

Wanaosoma msahafu kwa makini huuliza: ikiwa Bismillahi ni aya, mbona haihesabiwi katika sura hizo 112, na ikiwa si aya, mbona imehesabiwa katika Alhamdu? Jibu linalotolewa haraka, kwamba hayo ndiyo madhehebu ya Imamu Shafii, halisimami. Kauli iliyo mashuhuri ya Shafii ni kwamba Bismillahi ni katika Alhamdu na pia ni katika kila sura isipokuwa At-Tawba, na lau waliochapa msahafu wangalifuata kauli hiyo kwa ukamilifu wake, Bismillahi isingalikuwa na namba mahali pamoja na kukosa namba kwingine kote. Kauli ya Imamu Malik, kwa upande wake, ingeliondoa namba hiyo hata katika Alhamdu. Mpangilio tulio nao mikononi haukutoka katika vitabu vya fiqhi. Umetoka katika elimu nyingine, isiyotajwa sana nje ya duru za wasomi wa visomo, yaani njia zilizopokewa za kuisoma Qurani, nayo ni elimu ya kuhesabu aya. Na asiyezitenga elimu hizi mbili atabaki akizunguka pale pale.

Ni vyema kuanza na jambo ambalo mazoea ya vitabu vya leo yametusahaulisha. Misahafu iliyoandikwa zama za Khalifa Uthman bin Affan, na kupelekwa katika miji mikubwa ya Kiislamu, haikuwa na namba za aya. Masahaba na wanafunzi wao walichelea kuchanganya maneno ya Mwenyezi Mungu na maneno ya watu, hata baadhi yao wakachukia kuandikwa majina ya sura na alama za pembeni. Katika misahafu ya kale iliyobaki, mwisho wa aya huonyeshwa kwa vistari au vidoti vichache, na baadaye zikazidishwa alama za kila aya tano na kila aya kumi ili kumsaidia msomaji. Namba ndani ya duara kwa kila aya ni desturi iliyoenea pamoja na chapa. Namba hizo ni kifaa cha msomaji, nazo haziingii katika yale yaliyoteremshwa, kama zisivyoingia alama za juzuu na robo zilizopo pembeni mwa ukurasa.

Kugawanyika kwa maneno katika aya, hata hivyo, hakukuachiwa mwandishi akate anapotaka. Kulitokana na kumsikiliza Mtume (S.A.W.) akisoma na kusimama. Bibi Ummu Salama alieleza kwamba kisomo cha Mtume kilikuwa cha aya moja moja, akisimama kila mwisho wa aya. Wanazuoni wakaeleza ilipotoka khitilafu: Mtume alikuwa akisimama mwisho wa aya ili watu waujue, na wakishaujua huenda mara nyingine akaunganisha ili maana itimie, na aliyemsikia akiunganisha akadhani kwamba pale hapakuwa mwisho. Masahaba walipotawanyika katika miji, kila mmoja alifundisha alivyosikia, na wanafunzi wa kila mji wakahifadhi hesabu yao kama walivyohifadhi kisomo chao.

Hivyo ndivyo zilivyopatikana hesabu zinazoitwa kwa majina ya miji: Madina, yenye hesabu mbili, ya mwanzo na ya mwisho, Makka, Basra, Kufa, mji wa Iraki, na Sham, yaani Damascus, ambako wengine huongeza na hesabu ya Hims. Hesabu ya Kufa inapokelewa kwa Abu Abdurrahman As-Sulami kutoka kwa Ali bin Abi Talib, na jumla yake ni aya 6236. Hesabu ya mwisho ya Madina ni aya 6214, na ya Basra ni 6204. Mtu akiziona tarakimu hizo kwa mara ya kwanza anaweza kushtuka na kudhani kwamba kuna aya 22 zilizomo kwa watu wa Kufa na zisizokuwemo kwa watu wa Madina. Hakuna. Maneno ni yale yale, na tofauti ipo katika mahali pa kuweka mwisho wa aya: pale ambapo mmoja amekata mara mbili, mwingine amekata mara moja.

Sura ya Alhamdu inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine, kwa sababu hesabu zote zimekubaliana kwamba aya zake ni saba, kwa kutegemea aya ya Al-Hijr inayotaja “saba zinazosomwa mara kwa mara”. Khitilafu ni katika namna ya kuzipata saba hizo. Watu wa Kufa na wa Makka waliihesabu Bismillahi kuwa ya kwanza, na Alhamdu lillahi Rabbil-alamin ikawa ya pili, wakaendelea hivyo mpaka ya saba, ambayo kwao ni ndefu: inaanza Siratalladhina na kumalizikia waladh-dhallin. Watu wa Madina, Basra na Sham hawakuihesabu Bismillahi. Kwao aya ya kwanza ni Alhamdu lillahi Rabbil-alamin, na ile aya ndefu ya mwisho imekatwa vipande viwili: ya sita inaishia an'amta alayhim, na ya saba inaanza ghayril-maghdhubi. Msomaji anayefuata hesabu ya Madina na anayefuata hesabu ya Kufa wanaweza kusoma pamoja kutoka Alhamdu mpaka waladh-dhallin bila kupishana hata silabi moja katika jambo hili la hesabu, na bado mmoja akasema amefika aya ya sita, na mwenzake akasema yuko katikati ya ya saba. Waliokataa kukata kwenye alayhim walitaja pia kwamba neno hilo haliendani na miisho mingine ya sura hiyo, ambayo yote ina mvuto, yaani irabu ndefu, kabla ya herufi ya mwisho: alamin, rahim, din, nastain, mustaqim, dhallin.

Msahafu uliochapwa Cairo mwaka 1924, zama za Mfalme Fuad, ulichukua kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim, na kwa kuwa Asim alikuwa msomi wa Kufa, hesabu ya aya ikafuatwa ya Kufa. Chapa hiyo ndiyo iliyoigwa baadaye katika nchi nyingi, na msahafu wa Madina wa hati ya Uthman Taha, unaochapwa na Taasisi ya Mfalme Fahd iliyofunguliwa mwaka 1984, nao ukashika kisomo hicho na hesabu hiyo. Mwishoni mwa misahafu hiyo kuna kurasa za maelezo, ambazo wengi hatuzifungui, zinazosema bayana kwamba hesabu iliyofuatwa ni ya watu wa Kufa na jumla yake ni 6236. Hapo ndipo lilipo jibu la namba 1 ya Bismillahi ya Alhamdu. Watu wa Kufa waliihesabu katika Alhamdu, hawakuihesabu katika sura nyingine, na wachapaji wakanakili hesabu hiyo kama ilivyopokewa.

Hukumu ya Bismillahi kwa mafakihi

Baada ya kuiweka kando hesabu, linabaki swali la mafakihi, nalo ni zito zaidi: je, Bismillahi iliyoandikwa juu ya kila sura ni Qurani iliyoteremshwa mahali hapo, au imeandikwa kwa kutabaruku na kutenganisha sura? Hapa hakuna khitilafu kuhusu Bismillahi ya An-Naml, ambayo kwa makubaliano ya Waislamu wote ni sehemu ya aya. Khitilafu ni katika zile 113 za mwanzo wa sura.

Wafuasi wa Shafii wana hoja ambayo kwa maoni yangu ni vigumu kuipuuza: Masahaba waliuweka msahafu mtupu, wakauepusha na kila kisichokuwa Qurani, hata Amin haikuandikwa mwisho wa Alhamdu ingawa husomwa katika kila sala; basi wangewezaje kuandika Bismillahi mara 113, kwa hati ile ile, ikiwa si Qurani? Wafuasi wa Malik hujibu kwamba Qurani huthibiti kwa mapokezi ya watu wengi mno yasiyo na shaka, na kule kukhitilafiana tu kwa Waislamu juu ya jambo hili kunatosha kuonyesha kwamba si Qurani mahali hapo, kwa kuwa Qurani haikhitilafiwi. Wafuasi wa Abu Hanifa walishika njia ya kati: ni aya ya Qurani, lakini ni aya inayojitegemea, iliyoteremshwa ili kutenganisha sura na sura, wala si sehemu ya Alhamdu wala ya sura nyingine. Huinukuu riwaya ya Ibn Abbas kwamba Mtume hakuwa akijua mwisho wa sura mpaka iteremke Bismillahi. Kwa Hanbali kauli inayotegemewa iko karibu na hiyo.

Katika hadithi, pande zote zina la kusimamia, na jambo la ajabu ni kwamba sahaba mmoja, Anas bin Malik, hutajwa na wote. Kwake imepokewa kwamba alisali nyuma ya Mtume, Abu Bakr, Umar na Uthman, nao walikuwa wakifungua kisomo kwa Alhamdu lillahi Rabbil-alamin. Wasioihesabu Bismillahi hushika riwaya hiyo. Shafii huifasiri kwamba walikuwa wakianza kwa sura inayoitwa Alhamdu kabla ya sura nyingine, wala haikanushi Bismillahi. Na kwa Anas huyo huyo imepokewa kwamba Mtume aliwaambia ameteremshiwa sura, kisha akasoma Bismillahir-Rahmanir-Rahim, inna a'taynakal-kawthar. Wanaoithibitisha Bismillahi katika kila sura huishika hii, na wapinzani wao hujibu kwamba kusoma Bismillahi kabla ya sura hakuifanyi kuwa ndani yake, kwani wote wamekubaliana kwamba Al-Kawthar ni aya tatu, na ingehesabiwa zingekuwa nne. Kwa swali hilo la mwisho wanazuoni wa Kishafii wana kauli mbili zilizonukuliwa katika vitabu vyao: kwamba Bismillahi ni aya kamili mwanzoni mwa kila sura, au kwamba nje ya Alhamdu ni kipande cha aya, ikiungana na maneno yanayoifuata. Kwa kauli ya pili Al-Kawthar hubaki na aya tatu.

Matokeo ya khitilafu hii husikika msikitini. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyokita mizizi, imamu husoma Bismillahi kwa sauti katika Magharibi, Isha na Alfajiri, na anayeiacha katika Alhamdu hajakamilisha nguzo ya sala, kwa sababu ameacha aya moja katika saba. Waibadhi wa Unguja, Pemba na Oman nao huihesabu kuwa aya. Mashia Ithnaashari huihesabu kuwa sehemu ya kila sura isipokuwa At-Tawba, na husunisha kuisoma kwa sauti hata katika sala za siri. Katika misikiti ambayo imamu anafuata Hanafi au Hanbali huisoma kimoyomoyo na kuanza kwa sauti na Alhamdu lillahi, na kwa Maliki ni karaha kuisoma katika sala ya fardhi. Mswalihina anayesafiri kutoka Mombasa kwenda Makka akamsikia imamu wa huko akianza moja kwa moja na Alhamdu lillahi hana sababu ya kudhani kwamba Bismillahi imeachwa. Imesomwa kwa siri.

Sasa mtu atazame namna hesabu na fiqhi zinavyopishana. Abu Hanifa aliishi na kufundisha Kufa, mji ambao wasomi wake waliihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya Alhamdu, naye madhehebu yake hayaihesabu kuwa sehemu ya Alhamdu. Mshafii wa Lamu au wa Moroni anaamini kwamba Bismillahi ni katika kila sura, lakini anahifadhi kwa msahafu ambao namba zake zimeiacha nje mara 112. Hakuna mkanganyiko ndani yake, maadamu inafahamika kwamba namba ya msahafu inapokea hesabu ya mji fulani, na fakihi anatafuta hukumu kwa dalili zake. Ibnul-Jazari, bingwa wa visomo aliyefariki mwaka 1429, aliona kwamba khitilafu hii ifahamike kama khitilafu ya visomo vyenyewe: aliyeithibitisha ameithibitisha kwa mapokezi, na aliyeiacha ameiacha kwa mapokezi. Nami naona hilo ndilo neno lililo karibu zaidi na hali ya mambo, na ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kumkufurisha mwenzake kwa kuihesabu Bismillahi au kutoihesabu, ijapokuwa anayeikana ile ya An-Naml amekana Qurani.

Kuhusu At-Tawba, sababu zinazotajwa ni mbili mashuhuri. Ya kwanza imepokewa kwa Uthman, alipoulizwa na Ibn Abbas: kisa cha At-Tawba kinafanana na kisa cha Al-Anfal, na Mtume alifariki bila kuwabainishia kwamba hiyo ni sehemu ya ile, basi zikawekwa pamoja bila mstari wa Bismillahi baina yao. Ya pili inanasibishwa kwa Ali: Bismillahi ni amani, na sura hiyo imeanza kwa tangazo la kuvunja mikataba na kupigana. Vyovyote iwavyo, wote wamekubaliana kwamba haisomwi mwanzoni mwake.

Herufi za mwanzo

Bismillahi si mwanzo pekee uliozua khitilafu ya namba. Sura 29 zinaanza kwa herufi zinazosomwa moja moja, kama Alif Lam Mim, na hapa tofauti baina ya Kufa na miji mingine ni kubwa zaidi, ingawa inazungumzwa kidogo. Watu wa Kufa waliyahesabu mengi ya mafungu hayo kuwa aya kamili: Alif Lam Mim katika sura sita, Alif Lam Mim Sad ya Al-A'raf, Kaf Ha Ya Ayn Sad ya Maryam, Ta Ha, Ta Sin Mim za Ash-Shuaraa na Al-Qasas, Ya Sin, na Ha Mim za sura saba, ambapo katika Ash-Shura wamehesabu Ha Mim kuwa aya na Ayn Sin Qaf kuwa aya nyingine. Lakini hawakuhesabu Alif Lam Ra, wala Alif Lam Mim Ra ya Ar-Ra'd, wala Ta Sin ya An-Naml, wala herufi moja moja za Sad, Qaf na Nun. Zote hizo zimeunganishwa na maneno yanayofuata kuwa aya moja. Atakayetafuta kanuni moja ya kueleza kwa nini Ta Sin Mim ni aya na Ta Sin si aya atachoka. Wanazuoni wengi walisema tu kwamba hili ni jambo la kupokewa, na wale waliotaja mlingano wa miisho walikiri kwamba haufiki kila mahali. Watu wa Madina, Makka na Basra hawakuyahesabu mafungu hayo hata mahali pamoja.

Ndiyo maana Yasini, ambayo watu wetu wengi wanaijua kwa moyo na huisoma matangani na usiku wa kuamkia Ijumaa, ina aya 83 katika misahafu yetu na 82 katika misahafu ya Morocco, Algeria na Senegali, inayofuata kisomo cha Warsh na hesabu ya mwisho ya Madina. Katika misahafu hiyo Ya Sin wal-Qur'anil-hakim ni aya moja, na kwetu ni mbili. Al-Baqara ina aya 286 kwa Kufa, 287 kwa Basra na 285 kwa Madina, Makka na Sham. Aya ya Kursiyyu yenyewe, ambayo jina lake linasema ni aya moja, katika hesabu ya mwisho ya Madina, ya Makka na ya Basra imekatwa kwenye neno al-Qayyum, kwa hiyo mwenye msahafu wa Warsh ataikuta imechukua namba mbili. Kul huwallahu ni aya nne kwetu, na tano kwa Makka na Sham, kwa kukata baada ya lam yalid.

Hesabu hizi zina matumizi katika ibada, si mapambo ya pembeni. Kwa Shafii, asiyeweza kuisoma Alhamdu hutakiwa asome aya nyingine saba badala yake. Hadithi inayohimiza kuhifadhi aya kumi za mwanzo wa Al-Kahf inahitaji mtu ajue ya kumi inaishia wapi. Na imo hadithi ya sura yenye aya thelathini iliyomwombea mtu wake mpaka akasamehewa, nayo ni Tabaraka. Wasioiingiza Bismillahi katika sura huitumia hadithi hiyo kuwa hoja, kwa kuwa Tabaraka ni thelathini bila Bismillahi. Wenzao hujibu kwamba Mtume alihesabu yaliyo mahususi kwa sura hiyo, na Bismillahi ni ya sura zote.

Waalimu wa tajwidi nao wana sehemu yao. Msomaji wa Hafs anapomaliza sura na kuingia nyingine ana njia tatu zinazojuzu: kusimama mwisho wa sura, kisha kusimama baada ya Bismillahi, kusimama mwisho wa sura, kisha kuunganisha Bismillahi na sura inayofuata, au kuunganisha vyote vitatu kwa pumzi moja. Ya nne, ambayo ni kuunganisha mwisho wa sura na Bismillahi kisha kusimama hapo, imekatazwa, kwa sababu msikilizaji angedhani kwamba Bismillahi ni ya sura iliyokwisha na si ya ile inayoanza. Katika kisomo cha Hamza, ambaye naye ni wa Kufa, sura huunganishwa na sura bila Bismillahi kabisa, ingawa anayeanza kisomo chake mwanzo wa sura husoma Bismillahi kwa wasomi wote.

Namba zinapopishana kitabuni

Msomaji wa Kiswahili hukutana na tatizo hili hasa anapofuatilia rejea. Machapisho ya Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo tarjuma yake ya Kiswahili ilitoka Nairobi mwaka 1953, huipa Bismillahi namba 1 katika kila sura isipokuwa At-Tawba. Kwa mpangilio huo aya za Alhamdu hazibadiliki, lakini katika sura nyingine zote zenye Bismillahi namba husogea mbele kwa moja: Aya ya Kursiyyu inakuwa 2:256, na jumla ya msahafu inakuwa 6348, yaani 6236 kuongeza zile Bismillahi 112. Mabishano mengi ya kidini yameanza kwa mtu kufungua namba aliyotajiwa, akakuta aya nyingine, na kumshuku mwenzake kuwa anazua. Kumbe kila mmoja alikuwa na kitabu chenye hesabu yake.

Kwa Wazungu nako kulikuwa na hesabu ya pekee. Gustav Flügel alichapisha Qurani mjini Leipzig mwaka 1834, na namba zake, ambazo hazilingani kikamilifu na hesabu ya mji wowote, zilitumiwa na wasomi wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayesoma kamusi na vitabu vyao vya zamani ataona aya zimetajwa kwa namba zilizokosana na msahafu wake kwa moja, mbili au zaidi, na pengine namba mbili zimeandikwa pamoja zikitenganishwa kwa mkwaju, ya Flügel na ya Cairo.

Baadhi ya misahafu ya chapa za Bara Hindi, iliyofika pwani yetu zamani kupitia wafanyabiashara na bado ipo katika misikiti mingi, huiacha Bismillahi ya Alhamdu bila namba, kwa kuwa Wahanafi ndio wengi huko, na ndani yake hutumika alama ndogo inayofanana na tarakimu ya tano ya Kiarabu kuonyesha mahali ambapo wasiokuwa watu wa Kufa walikata aya. Ni alama yenye faida sana kwa anayeijua. Ama ile tarakimu ya 6666, inayotajwa katika mihadhara na kugawanywa elfu moja za amri, elfu moja za makatazo, elfu moja za visa na kadhalika, haimo katika hesabu ya mji wowote. Ni tarakimu iliyopendwa kwa wepesi wa kuikariri, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kujumlisha aya za sura 114 za msahafu wake akapata 6236.

Programu za simu na kompyuta zimeleta sura mpya ya tatizo lile lile. Mashine haijui kichwa kisicho na namba, hivyo mwandaaji hulazimika kuamua Bismillahi ikae wapi. Katika baadhi ya nakala za maandishi imeunganishwa na aya ya kwanza ya kila sura, kiasi kwamba anayenakili Al-Baqara aya ya 1 hupata Bismillahi na Alif Lam Mim katika mstari mmoja. Katika nyingine huwekwa kando kama taarifa ya ziada ya sura. Mtu akihesabu kwa kompyuta ni mara ngapi neno Rahman limo katika Qurani, jibu litategemea uamuzi huo, na wale wanaojenga nadharia nzima juu ya hesabu za maneno na herufi wangefanya vyema kusema kwanza wametumia nakala gani, na Bismillahi 112 wameziingiza au wameziacha.

Kwa anayeandika makala, hotuba au jibu la swali, tahadhari yenyewe si ngumu: ataje jina la sura pamoja na namba, aandike maneno machache ya mwanzo wa aya, na kama anatumia kitabu kisichofuata hesabu ya Kufa aseme hivyo. Aliyepewa “Al-Baqara 255, Allahu la ilaha illa Huwa” ataipata aya hiyo hata katika msahafu wa Warsh ulioikata mara mbili, na hata katika tarjuma iliyoipa namba 256.